Liache Lilale Kwanza

Mpwa wangu, jana asubuhi ulipofika hapa, vijana wanne wakikusukumia gari kutoka kona ya msikiti, sikukuuliza neno mpaka ulipomaliza kuhema. Uliniamkia, nikakuitikia, ukaketi juu ya tairi, ukasema maneno ambayo uwanja huu umeyasikia kwa zaidi ya miaka 40: "Mjomba, betri imekufa tena. Nielekeze duka unaloliamini." Nikakwambia tulia kwanza. Nikaiona hasira ikikupanda usoni, ukaimeza kwa heshima, nami nikashukuru.

Nakuandikia leo kwa sababu jioni uliondoka mbio kuiwahi boti ya Pemba, na mengi yaliyokuwa kifuani sikuyamaliza. Na wayasome na wengine pia. Nimekwisha kuyasema haya kwa watu wengi, mmoja mmoja, jua likiwaka, na sauti yangu si ile ya zamani.

Tangu Ramadhani umenunua betri tatu. Ya kwanza ulisema ilikuwa kuukuu. Ya pili ukasema ni feki. Ya tatu ukasema ni joto la Tanga. Joto sikatai. Betri hujimaliza yenyewe hata ikiwa rafuni, na kila joto linapopanda nyuzi 10, kule kujimaliza huongezeka karibu maradufu. Ndiyo maana betri ya huku pwani hujimaliza upesi kuliko ya Lushoto. Lakini joto linaua kwa miezi na miaka. Haliui betri mpya kwa siku nne. Betri tatu zikifa mfululizo ndani ya gari lile lile, usimshike uchawi muuza duka. Kuna kitu mle ndani kinazila, na kila unaponunua nyingine unakiletea chakula kipya.

Elewa kwanza kwamba gari lililoegeshwa halizimi kabisa. Saa ya dashibodi inatembea. Kompyuta inatunza kumbukumbu zake. Kile kinachofungua milango kwa rimoti kimekaa macho usiku kucha kinausikiliza ufunguo wako. Vyote hivyo vikijumlishwa, gari zima hunywa kiasi cha ampea 0.02 hadi 0.05. Hiyo ni haki yake, usilinyime. Kwa betri ya ampea-saa 45 kama yako, gari lenye kiu ya 0.03 litakunywa chini ya ampea-saa moja kwa siku. Ukiliacha mwezi mzima utalikuta limebakiwa na zaidi ya nusu.

Sasa sikiliza hesabu ya gari lako. Jana mita ilisoma 0.42. Ulipoiona ukasema, "Kumbe ni kidogo hivyo?" Ndiyo, ni kidogo. Ni sawa na balbu moja ya wati 5, ile ndogo inayoangazia namba ya gari kwa nyuma. Lakini balbu hiyo haikulala. Kwa siku moja na usiku wake imekunywa ampea-saa 10. Ukilaza gari usiku mmoja, asubuhi linawaka, unaliona zima. Ukivuka Pemba siku nne, imekunywa 40 katika 45, na stata ya gari dogo inataka ampea mia na zaidi kwa mkupuo mmoja. Utazipata wapi? Ndiyo sababu gari hukugomea kila unaporudi safari na halikugomei ukiwa mjini. Ulikuwa na dalili hiyo mkononi miezi yote hii. Hukuwa umekaa chini ukaiuliza inasema nini.

Kukaa chini na kuuliza ndiyo kazi yenyewe. Mikono inakuja baadaye.

Nikupe kisa ambacho sijakisimulia kwa watoto wa dada zangu. Miaka ya 1980, nikiwa nimeanza kujitegemea, alinijia dereva wa teksi kutoka Muheza. Shida yake kama yako: jioni analaza gari zima, asubuhi kimya. Nilikuwa kijana, nina mikono myepesi na sina subira. Nikamuuzia betri. Baada ya wiki akarudi. Nikamwambia alteneta imekufa. Sikuwa nimeipima, nilisema tu, kwa sababu alikuwa amesimama mbele yangu anasubiri nimwambie kitu, na mimi sikuwa na ujasiri wa kumwambia bado sijui. Akaenda, akarudi na fedha. Baadaye nikapata habari kwamba alikuwa ameuza cherehani ya mkewe. Alteneta ikabadilishwa, na baada ya siku tatu gari likalala tena.

Nikaenda kwa mzee aliyenifunza, nikiwa na aibu. Hakunigombeza. Akaniambia, "Mwambie alilete usiku, na taa zenu zote mzime." Tukalifunga gari, tukakaa gizani bila kusema. Macho yalipozoea giza, mzee akanionyesha buti: kwenye ukingo wa mpira wa mlango kulikuwa na uzi wa mwanga, mwembamba kama unywele. Taa ya buti ilikuwa inawaka humo ndani mlango ukiwa umefungwa. Magunia ya machungwa yalikuwa yamepinda kile kiswichi kinachobonyezwa na mlango. Mzee akakinyoosha kwa koleo. Ilikuwa kazi ya dakika moja.

Fedha ya alteneta nilimrudishia yule bwana kidogo kidogo kwa miezi saba. Cherehani haikurudi.

Kwa hiyo unapoona nakuwa mgumu kutamka jina la ugonjwa kabla ya kupima, usidhani ni ujuba wa wazee. Nimeona gharama ya neno lililotoka mapema.

Sasa njia yenyewe. Mtu asiye na mita wala fundi anaweza kuanza kwa spana namba 10, ile inayofungua vichwa vya betri katika magari mengi ya Japani. Ichaji betri mpaka ijae. Iache itulie saa kadhaa, kwa maana betri iliyotoka kwenye chaja hudanganya kidogo kwa kujitutumua. Fungua kichwa cha hasi, kikae mbali, uliache gari hivyo usiku mzima au siku mbili. Ukirudisha na gari likawaka kwa nguvu, betri haina kosa. Mlaji yumo garini. Likigoma, betri yenyewe ndiyo mgonjwa na usihangaike na waya. Jaribio hili halina gharama yoyote, na kwa miaka yote sijaona mteja aliyelifanya kabla ya kuja kwangu.

Hasi kwanza, kila siku. Ukianza na chanya, spana ikagusa bodi, cheche itakayotoka inaweza kukuunguza mkono, na gesi ya betri hiyo hiyo inaweza kulipuka usoni pako. Vua na pete.

Mwenye mita apime. Betri ina vyumba sita, kila kimoja kikitoa volti 2 na ushei. Ikijaa na kutulia inasoma 12.6. Ikisoma 12.4 imepungua robo, 12.2 imebaki nusu, 12.0 imechoka, na ikishuka chini ya 11.9 hesabu kwamba haina kitu. Injini ikinguruma lazima namba ipande, 13.8 hadi 14.5; isipopanda, basi shida yako ni kuchaji na si kuvuja, na hiyo ni habari nyingine. Pitisha pia ncha ya mita juu ya mgongo wa betri, pale penye uchafu wenye unyevu. Hapa kwetu chumvi ya bahari na mvuke wa asidi hujenga ukoga juu ya plastiki, na umeme hutambaa juu yake kutoka kichwa hadi kichwa. Jana uliniona namwagia maji ya moto nikipiga brashi. Sikuwa naosha kwa usafi tu.

Baada ya hapo ndipo tukaja kwenye kupima kiu. Mita inaingia katikati ya njia: ncha moja kwenye kichwa cha hasi cha betri, ya pili kwenye kibano cha waya uliokitoa, na ule mkia mwekundu umehamishiwa kwenye tundu la ampea 10. Kila tone la umeme linalotoka lazima lipite kwenye mita. Na hapo, mwanangu, ndipo ulipokosea wewe na ndipo wanapokosea mafundi wengi vijana. Mita ilipoonyesha ampea 3 ukaruka: "Huyo hapo, Mjomba!" Ukataka kuanza kung'oa fyuzi.

Huyo hakuwa mwizi. Lilikuwa gari linaamka. Ukilinyima umeme kisha ukalirudishia, kompyuta zake zote zinaamka pamoja, zinasalimiana, zinajikagua, na zinakunywa. Ukifungua mlango zinaamka. Ufunguo wa rimoti ukiwa mfukoni mwako karibu na gari, zinaamka. Zinahitaji kuachwa. Magari mengine hulala baada ya dakika 20, mengine yanataka saa nzima. Kwa hiyo shusha kioo cha dirisha kabla ya kuanza, loki zisije zikakufungia nje. Fungua mlango, kisha lisukume komeo lake kwa bisibisi mpaka lijifunge, gari liamini mlango umefungwa huku wewe unaweza kuzifikia fyuzi. Peleka ufunguo nyumbani. Usipige stata mita ikiwa njiani; utaiunguza. Halafu kaa.

Tulikaa dakika 40. Uliangalia simu mara nyingi. Uliuliza kama hakuna njia ya mkato. Mimi niliagiza kahawa na kashata, nikawa naitazama ile namba. Kutoka 3 ikashuka 1.8. Ikasimama pale muda mrefu. Ikaruka kwenda 0.9. Kisha 0.42, na hapo ikaganda. Dakika kumi nyingine, 0.42 ile ile. Hiyo ndiyo namba ya kweli, kwa kuwa wenye haki ya kulala wote walikuwa wamelala, na aliyebaki macho ndiye tuliyekuwa tunamtafuta. Kama ungeng'oa fyuzi katika ile dakika ya kwanza, ungemkamata yeyote. Ungekamata kompyuta ya injini iliyokuwa inafanya kazi yake, ukaibadilisha kwa fedha nyingi, na mwizi angebaki mahali pake.

Fyuzi nazo usizing'oe ovyo. Njia ya zamani, niliyofunzwa, ilikuwa kuvuta moja moja mpaka namba ishuke, na kwa magari ya wakati ule ilifaa sana. Kabla ya hapo tulitumia testa tu, balbu katikati ya njia: ikiwaka kuna kinachokunywa, ikizima umempata. Magari ya leo ukivuta fyuzi na kuirudisha, umewaamsha wote tena na unaanza kungoja upya. Weka mita kwenye milivolti, gusa vile vidoa viwili vya chuma vilivyo mgongoni mwa fyuzi. Fyuzi isiyopitisha kitu itasoma sifuri. Inayopitisha itasoma kitu, hata kama ni sehemu ya kumi ya milivolti. Unazipitia zote bila kumwamsha mtu, kama muuguzi anayepita wodini usiku.

Tulizipitia zote, za boneti na za chini ya usukani. Ulikuwa unanisomea mfuniko wa boksi ukishindwa, kwa kuwa umeandikwa Kijapani, na nikakuonyesha kwamba mfuniko hauhitajiki kwa hatua hii. Kila fyuzi ilikuwa kimya, au ilisoma kile kidogo chake halali. Na mita bado 0.42.

Hapo nikaona umevunjika moyo. Mimi ndipo nilipotulia. Umeme unaotoka kwenye betri bila kupita kwenye fyuzi yoyote una njia chache sana. Kuna waya nene ya stata. Kuna waya nene ya alteneta, na hiyo ni ya kuiangalia kila mara: ndani ya alteneta mna diodi, milango ya upande mmoja inayoruhusu umeme utoke kwenda kwenye betri na kuuzuia usirudi. Mmoja ukiharibika, usiku betri inajimwaga ndani ya alteneta, na ukiwahi kuigusa alfajiri unaweza kuikuta ina uvuguvugu ilhali injini imelala usiku kucha. Niliigusa yako ulipofika, ilikuwa baridi. Tukatoa waya yake, tukaifunika isiguse bodi, tukangoja tena. Namba haikubadilika.

Ikabaki njia ya tatu, waya ambazo hazikuja na gari.

Nikakuuliza, "Nani ameshika gari hili tangu literemke bandarini?" Ukasema hakuna. Nikangoja. Ukasema, labda yule wa redio.

Mwanangu, uliponisalimia mara ya kwanza na gari hili, ulilolifurahia, neno lako la pili lilikuwa kwamba lina redio ya skrini kubwa, na kwamba inaimba hata bila ufunguo. Uliniambia kwa furaha. Nikakupongeza, na sikulitia maanani. Hilo nalikiri kwako na kwa anayesoma: jibu lilikuwa limesemwa siku ya kwanza, na masikio mawili ya fundi yaliliacha lipite.

Naijua sababu ya watu kubadilisha redio. Redio za Japani hushika masafa ya 76 hadi 95, na stesheni zetu ziko 88 hadi 108. Vituo vingi huvipati. Wengine huweka kile kidude cha kuhamisha masafa, wengine hubadilisha redio nzima. Hakuna ubaya. Ubaya uko kwenye waya mbili. Redio ya kufunga ina waya ya njano, ambayo inataka umeme muda wote kwa ajili ya kumbukumbu, na ina waya nyekundu, ambayo inatakiwa ipate umeme ufunguo ukifunguliwa tu. Ile nyekundu ndiyo inayoiambia redio sasa amka, sasa lala. Fundi wa redio yako hakuipata haraka njia ya ufunguo. Akazisokota nyekundu na njano pamoja. Kisha akavuta waya moja nyembamba, akaipenyeza kwenye tundu la ule ukuta wa bati ulio kati ya injini na miguu yako, bila hata kipande cha mpira, akaifunga kwenye chanya ya betri. Fyuzi hakuweka.

Ukizima redio kwa kitufe, skrini inakuwa nyeusi, nawe unalala. Yenyewe hailali. Hakuna aliyeiambia ilale.

Nilipoitoa waya ile, mita ilishuka mpaka 0.03. Uliona kwa macho yako. Sikutaka uchukue neno langu, ndiyo maana nilikufanya wewe mwenyewe uirudishe na kuitoa mara ya pili: 0.42, 0.03. Uliposhika ile waya ukaona mahali ilipokuwa inasuguana na bati, plastiki imelika mpaka shaba inachungulia, ulinyamaza. Nami nilinyamaza. Waya ya chanya isiyo na fyuzi ikigusa bodi haiitwi tena uvujaji. Gari linawaka moto, na wewe hulilaza gari hilo chini ya dirisha la watoto.

Simtaji aliyefanya kazi ile, wala usimtaje. Ana tumbo kama sisi. Lakini nawausia vijana wote wanaofunga redio, alamu na traka: kazi yako haijaisha redio inapoimba. Tafuta njia ya ufunguo kwa mita, si kwa kubahatisha. Weka fyuzi karibu na betri, shibiri moja isizidi. Unga kwa lehemu, au kwa kiungio kinachobana sawasawa, usisokote na kuzungushia tepu, kwa kuwa tepu kwa jua letu huyeyuka gundi na kufunguka kabla ya mwaka. Kisha ngoja gari lilale, upime linakunywa kiasi gani, na umwandikie mwenye gari namba hiyo. Nusu saa. Mteja akikuharakisha, mwambie hiyo nusu saa ni yake.

Lipo jambo jingine lililonikosesha usingizi, nalo hukuliwaza. Uliniambia betri mbili za mwanzo uliwauzia wanaonunua vyuma chakavu. Unajua zinakwenda wapi? Betri ya gari mpaka leo ni risasi na asidi, aina aliyoibuni Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Zingine hufika kwenye viwanda vinavyoziyeyusha kwa utaratibu. Nyingine huyeyushwa ovyo, moshi ukiingia majumbani. Ng'ambo ya mpaka hapo, Mombasa, katika mtaa wa Owino Uhuru, watu waliishi ukuta kwa ukuta na kiwanda cha kuyeyusha betri. Watoto waliingiwa na risasi mwilini. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira ya Mombasa iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na kesi iliendelea kupanda mahakama za juu kwa miaka baada ya hapo. Risasi ikishaingia kwenye ubongo wa mtoto, hakuna hukumu inayoitoa. Kwa hiyo betri nzima inayouawa bure na waya ya redio haiishii mfukoni mwako. Inakwenda kwa mtoto wa mtu usiyemjua.

Na betri uliyonayo, hii ya tatu, tumeikuta imeshuka mpaka 10.9. Betri ikishuka hivyo na kuachwa, ndani ya sahani zake hujengeka chumvi ngumu ya risasi isiyotaka kurudi. Hukuiacha muda mrefu, kwa hiyo nina matumaini nayo. Usiku wa jana nimeiweka kwenye chaja ya polepole, ampea 4. Usinibishie kwamba ungeibusti kwa gari la jirani na kuzunguka mjini ikajaa. Kubusti kunawasha gari tu. Kuzunguka kutoka Ngamiani hadi Raskazoni hakujazi betri iliyokauka, na alteneta yako inateseka kwa kazi ambayo haikutengenezewa. Leo saa nne asubuhi nimeitoa kwenye chaja. Saa kumi jioni, ikiwa imetulia, imesoma 12.5. Si kama mpya, lakini itakuhudumia, ukiilinda.

Redio nimeifunga upya. Nyekundu iko kwenye njia ya ufunguo, njano ina fyuzi yake, tundu la bati nimelivika mpira. Haitaimba tena bila ufunguo. Najua ulikuwa ukipenda kukaa garini jioni kusikiliza mpira. Fungua ufunguo hatua ya kwanza, usikilize, ukimaliza ufunge.

Gari liko chini ya mwembe wangu tangu leo jioni, limefungwa, ufunguo uko ndani kwa mkaza mjomba wako. Sitaliwasha wala sitaligusa. Ukishuka kwenye boti Jumatatu litakuwa limekaa siku nne, kama zile siku nne zinazokutesa kila safari. Njoo, lakini usikimbilie stata. Mita iko juu ya rafu, kushoto ukiingia. Fungua boneti, pima betri, andika namba, uniletee hapa barazani.